UZI: Dhahabu imepanda bei. Je, mauzo yetu ya nje yamekua au yamepandishwa tu?

#1 Mzani_Tambarare (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila taarifa ya mwezi ya Benki Kuu ikitoka, humu ndani huzuka shangwe: mauzo ya nje yamepanda. Sibishi namba. Nataka tuipasue tuone kilichomo.

Dhahabu peke yake inaiingizia Tanzania zaidi ya dola bilioni 3 kwa mwaka. Ukiweka pembeni utalii, ambao ni huduma, dhahabu inakaribia dola nne katika kila dola kumi za bidhaa tunazouza nje. Mwanzoni mwa 2019 wakia moja ilikuwa karibu dola 1,300. Mwisho wa 2024 ilikuwa kama 2,600. Yaani mgodi ukitoa kilo zilezile, bila kuongeza hata sururu moja, mapato yanajiandika mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kushangilia, tenganisha vitu vitatu: bei imepanda kiasi gani, tani zimeongezeka kiasi gani, na kuna bidhaa gani au soko gani ambalo miaka mitano iliyopita halikuwepo. Cha tatu ndicho kigumu.

Tahadhari kuhusu ile fahirisi ambayo wachumi huitumia kupima nchi inavyotegemea bidhaa chache. Inachukua mgawo wa kila bidhaa, inauzidisha kwa wenyewe, kisha inajumlisha. Tuseme dhahabu ni 0.40 na bidhaa nyingine kumi ni 0.06 kila moja. Utapata 0.16 + 0.036 = 0.196. Sasa bei ya dhahabu ianguke nusu, mengine yabaki palepale: dhahabu inakuwa 20 kati ya 80, yaani 0.25, na wale kumi 0.075 kila mmoja. Fahirisi inashuka hadi karibu 0.119. Kwenye karatasi nchi imepanua wigo wa mauzo, mfukoni imepoteza asilimia 20. Ukiona mtu anajisifu kwa fahirisi hii bila kuonyesha tani, mwambie arudi na tani.

Hoja yangu: bidhaa tunazo tele. Tunaangukia kwenye vipimo na kalenda, sehemu ndogondogo kati ya shamba na meli ambazo hazimo kwenye hotuba. Naomba wanaojua korosho, parachichi, mbaazi na madini washuke na hatua zenyewe. Siasa tuiache nje ya geti.

#2 Chenjua_Kanda_ya_Ziwa

Naanza na dhahabu yenyewe maana kuna kitu mkuu umekiruka. Sehemu ya ukuaji baada ya 2019 si bei wala si uzalishaji mpya. Ni dhahabu iliyokuwepo siku zote lakini haikuwa ikionekana.

Kabla ya hapo mchimbaji mdogo alidaiwa kodi ya zuio asilimia 5 na VAT asilimia 18, juu ya mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Jumlisha uone kama kuna mtu mwenye akili timamu angepita dirishani. Mwaka 2019 zile mbili za kwanza ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo, zikabaki 7.3. Mwezi Machi mwaka huohuo Geita likafunguliwa soko la madini, na mikoa mingine ikafuata. Mzigo uliokuwa unavuka mpaka kwenye soksi ukaanza kupita mezani.

Sokoni mambo yanakwenda hivi: mzigo unayeyushwa, unapimwa uzito, unasomwa usafi kwa mashine ya eksirei, bei inakokotolewa kwa bei ya dunia ya siku hiyo, makato yanatolewa, unapewa stakabadhi. Watu wanaumia kwenye eksirei. Ile mashine inasoma ngozi ya juu tu. Dhahabu ambayo haijayeyuka ikachanganyika vizuri, au iliyopoa madini ya fedha yakiwa yamekaa upande mmoja, itasoma 92 hapa na 86 pale. Yeyusha na boraksi mpaka uso utulie, koroga, mimina, piga brashi, kisha dai isomwe sehemu tatu na uchukue wastani. Tofauti ya pointi 3 kwenye gramu 200 ni gramu 6 za dhahabu safi. Si za kuachia.

#3 Mzani_Tambarare

Nakubali, hilo la kuonekana nililiruka. Ila litazame kwa makini: faida ya aina hiyo huipati mara mbili. Mzigo wa magendo ukishaingia kitabuni wote, mwaka unaofuata hauna kingine cha kuingiza.

#4 Kusini_Kwetu

Korosho. Kaeni vizuri, hii ni ndefu.

Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya kama tani 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa hazifiki 20,000. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho porini, bei ikawa ya kukatisha tamaa, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ukaingia kwenye maua. Katikati ya mporomoko huo ndipo viwanda vya kubangua vilijengwa kwa mikopo kutoka nje, hadi uwezo wa mashine ukazidi mazao yenyewe. Vingi viligeuka maghala. Salfa ya kupulizia ndiyo iliyorudisha zao, viwanda havikuchangia kitu.

Leo tatizo limegeuka: korosho ipo, ila sehemu kubwa inaondoka ghafi kwenda Vietnam na India. Kila mgombea anaahidi kubangua nchini. Tufanye hesabu kabla ya ahadi.

Kipimo cha kwanza ni kiini. Unachota sampuli kutoka magunia mengi (juu, katikati, chini), unachanganya, unapima kilo 1, unakata kila punje. Viini vizuri unavipima na ngozi yake, vyenye madoa na vilivyosinyaa unavihesabu nusu uzito, vilivyooza sifuri. Gramu utakazopata zidisha kwa 0.176, unapata paundi za kiini kwenye gunia la kilo 80. Gramu 290 ni paundi 51. Korosho yetu nzuri inacheza kati ya 48 na 54, ndiyo maana inagombewa. Tena tunavuna Oktoba hadi Januari, Afrika Magharibi wanaanza Februari. Tunaingia sokoni wakati wenzetu maghala yao ni matupu.

Kipimo cha pili ni unyevu. Ikizidi asilimia 10 inaanza kuchacha ndani ya gunia na kiini kinapata rangi ya kahawia. Mkulima anaanika siku mbili tatu mpaka punje ikitikiswa ilie na kucha isiache alama kwenye ganda. Ghala likipokea mzigo wenye asilimia 12 na likautoa ukiwa na 9, tani 100 zinakuwa 96.7. Hizo tani 3.3 hakuna aliyeziiba, ni maji. Lakini kama kwenye stakabadhi haikuandikwa unyevu wa siku ya kupokea, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mwendesha ghala na mnunuzi watarushiana lawama za unyaufu, yaani uzito uliopungua, mpaka msimu ujao. Hiyo safu moja ya kitabu, unyevu wa kuingilia, inazuia ugomvi kuliko semina kumi.

Sasa kubangua. Unapanga kwanza kwa ukubwa, maana mvuke unaotosha punje kubwa unaivunja ndogo. Unapika kwa mvuke kati ya dakika 15 na 30, unaacha ipoe mpaka kesho yake, unakata. Viini vinakwenda kwenye tanuri la nyuzi joto 70 hivi kwa saa 6 hadi 8 ili ngozi iachie. Vikitoka ni vikavu mno, ukimenya hapo vinavunjika kama biskuti. Baada ya kumenya na kupanga madaraja unavirudishia unyevu kidogo, visizidi asilimia 5, kisha unafungasha paundi 50 kwa boksi bila hewa. Daraja linaloendesha soko ni W320, yaani viini 300 hadi 320 kwa paundi. Kikivunjika kimoja vipande viwili, bei inashuka hapohapo.

Hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei yake ya leo. Ghafi dola 1,300 kwa tani ikiwa mlangoni kwa kiwanda. Tani moja inatoa kilo 230 za kiini cha kuuza. Kwa hiyo ghafi pekee ni dola 5.65 kwa kilo ya kiini. Tuseme asilimia 70 vimetoka vizima vikauzwa 6.80, na 30 ni vipande kwa 4.00. Wastani ni 5.96. Kimebaki senti 31 kwa kilo. Humo utoe mishahara, umeme, mabokisi, usafiri na benki.

Na benki ndiyo inayoua. Kiwanda cha tani 5,000 kinatakiwa kununua ghafi ya mwaka mzima ndani ya wiki kumi za minada. Hizo ni dola milioni 6.5. Zikikatwa kidogokidogo kwa mwaka, wastani wa deni ni nusu yake. Kwa riba ya asilimia 12 ni dola 390,000, sawa na 78 kwa tani ya ghafi, sawa na senti 34 kwa kilo ya kiini. Faida ilikuwa 31.

Sijaingiza mshahara hata wa mlinzi.

#5 Fundi_Bomba

Aisee. Sasa Vietnam wao wanatoboaje na hizohizo korosho zetu?

#6 Kusini_Kwetu

Mkuu, mambo matatu. La kwanza, wananunua kwa mizunguko: kwetu mwisho wa mwaka, Afrika Magharibi na Kambodia katikati ya mwaka. Ghala lao halibebi miezi 12, linabeba kama mitano, kwa hiyo riba inakatika zaidi ya nusu. La pili, mashine zao za kukata na kumenya zimeundwa hukohuko kwao, ikiharibika saa nne, saa nane imewaka. Huku unasubiri kisu kije na meli. La tatu, hakuna kinachotupwa. Ganda linakamuliwa mafuta, makapi yanachomwa kwenye boila, vipande vina wanunuzi wa biskuti mtaa wa pili.

Yale mafuta ya ganda msiyadharau kwa upande mwingine pia: yanaunguza ngozi. Anayekata bila kupaka mafuta ya kula au majivu mikononi na bila glavu, siku ya tatu haji kazini, na asilimia ya viini vizima inashuka siku hiyohiyo.

Kuna wanaosema mbona tuna ushuru wa kusafirisha ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachozidi. Ndiyo, ungepaswa kumpa mbanguaji wa ndani nafuu. Lakini mnadani anashindana na mnunuzi wa nje mwenye mkopo wa riba ndogo, na sehemu ya ushuru ule mnunuzi anamshushia mkulima kwenye bei. Zamani asilimia 65 ya ushuru ilirudi kwenye zao: salfa, miche, utafiti. Mwaka 2018 sheria ya fedha ikaupeleka wote Hazina, na Novemba mwaka huohuo, baada ya wakulima kugomea bei, serikali ikatangaza kununua kila kitu kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba. Mzigo ukakaa maghalani hadi 2019 huku bei ya dunia ikishuka. Mnunuzi wa ng'ambo hakumbuki nani alikuwa na haki kwenye ugomvi ule. Anakumbuka kwamba mwaka ule meli yake haikupakia.

#7 Kipimajoto

Nachukua parachichi, maana hili ndilo kila mtu anapandia sasa: Njombe, Rungwe, Iringa, Kilimanjaro. Soko la China itifaki ilisainiwa Novemba 2022, India nako kumefunguka, Ulaya tunaingia bila ushuru. Mlango uko wazi. Kinachorudisha mzigo ni tunda lenyewe.

Kosa namba moja: kuchuma changa. Parachichi la Hass halibadiliki rangi mtini kwa namna ya kukuambia limekomaa, na ukilichuma changa halitaiva, litanywea kama mpira. Kipimo ni ukavu wa nyama, yaani asilimia inayobaki maji yote yakiisha. Kiwango cha Ulaya kwa Hass ni angalau 21, kwa Fuerte 20, ila wanunuzi wengi hawakugusi chini ya 23. Namna ya kupima haihitaji maabara:

Chuma matunda kumi kutoka miti tofauti ya shamba moja, pande zote za mti. Menya, toa kokwa na ule utando wake, kwangua nyama nyembamba kama nazi ya kukuna. Pima gramu 10 kamili kwenye mzani wa kusoma 0.01. Tandaza kwenye sahani, weka kwenye maikrowevu kwa nguvu ndogo dakika chache, toa, pima, rudisha. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo, umefika. Imebaki gramu 2.3? Una 23. Ikianza kunuka kuungua umeshaharibu, anza upya, maana unaunguza mafuta na kipimo kitadanganya. Andika shamba, tarehe, namba. Tunda moja lenye 26 lisikufariji kama mengine yana 19. Wastani unaficha, na mnunuzi atakutana na yale ya 19.

Kuchuma: mkasi, si kuvuta. Kikonyo kibaki milimita chache, kikichomoka tunda linaoza kuanzia kichwani. Usichume likiwa na umande au mvua. Vile vitundu vya ngozi vimejaa maji, vikiguswa vinapasuka na baada ya wiki mbili unaona madoa meusi ambayo siku ya kufungasha hayakuwepo. Kwa Rungwe na ukungu wake, hii inamaanisha kuanza saa tatu au nne asubuhi, sio alfajiri kama mahindi. Kreti kivulini, na tunda lililogusa ardhi liende soko la ndani.

Baridi: toka mtini hadi chumba cha baridi lisivuke siku moja. Kontena la baridi la futi 40 linabeba paleti 20 (majukwaa ya mbao ya kupangia katoni), kila moja katoni 264 za kilo 4, jumla katoni 5,280, tani 21 na kidogo. Nyuzi joto 5 hadi 6, hewa ya ndani oksijeni kama 4 na kabonidayoksaidi kama 6 kwa mia. Kontena halipoozi tunda, linalinda baridi iliyokuwepo. Ukipakia tunda la nyuzi 14 ukitegemea mashine ya kontena imalizie, lile la katikati ya paleti litafika Ulaya laini. Na ukishusha hadi nyuzi 3 ili kufidia, nyama inakuwa ya kijivu. Choma kipimajoto ndani ya tunda, katikati ya paleti, kabla mlango haujafungwa. Hewa ya chumba isikudanganye.

Barabarani: Njombe hadi Dar ni kama kilomita 700, na pale Kitonga lori moja likilala, foleni ni ya saa nyingi. Jenereta la kontena liwe na dizeli ya safari na nusu. Mwandiko wa joto wa kontena utasomwa na mnunuzi, na ile milima miwili ya nyuzi 12 kwenye grafu ndiyo sababu atakayotumia kukukata bei.

#8 Jirani_wa_Holili

Wadau, salamu kutoka Kenya. Nakazia hilo la kuchuma changa. Huku Mamlaka ya Kilimo na Chakula hufunga usafirishaji wa parachichi kwa meli mwishoni mwa mwaka hadi mapema mwaka unaofuata, ndiyo ule msimu wa matunda machanga. Mabroka hulia sana. Lakini kontena moja changa linalofika Rotterdam huwashushia bei wote waliopakia vizuri wiki hiyo, kwa sababu mnunuzi haoni shamba, anaona jina la nchi.

Lingine: tangu mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hiyo iliongeza wiki mbili hivi. Tunda lililohesabiwa siku 28 likakaa 40 na zaidi. Hapo ndipo hewa ya kudhibitiwa iliacha kuwa anasa, na matunda makubwa yaliyokomaa sana yakawa hatari. Kwa safari ndefu ni afadhali ukavu wa 23 au 24 kuliko 30.

Na takwimu zenu zina shimo. Matunda mengi ya Kilimanjaro na hata Nyanda za Juu yalizoea kupakiwa Mombasa. Yakiondoka na karatasi za Kenya, Ulaya inayahesabu ya Kenya.

#9 Mzani_Tambarare

Jirani umegusa penyewe. Shimo jingine la namna hiyo ni Uholanzi. Ukisoma tumeuza Uholanzi tani kadhaa za parachichi usidhani Waholanzi ndio walaji. Yanaivishwa pale, yanafungashwa upya, yanakwenda Ujerumani na kwingine. Mtu akihesabu masoko kwa majina ya bandari, anajikuta na masoko machache kuliko aliyonayo, au mengi kuliko aliyonayo.

#10 Dengu_na_Mbaazi

Mbaazi fupi tu, kwa sababu kisa chake ni kimoja. Tarehe 5 Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuagiza mbaazi tani 200,000 kwa mwaka, na makubaliano yake na Msumbiji hayakuguswa na kikomo hicho. Sisi mzigo ulikuwa shambani. Bei iliyokuwa juu ya shilingi 2,000 kwa kilo iliporomoka, kuna maeneo ilifika 150. Watu waliwalisha ng'ombe. Mei 2021 India ikafungua tena, na imekuwa ikiongeza muda kwa tangazo.

Kwa mfanyabiashara funzo lake ni la karatasi. Soma tangazo la India lina mwisho tarehe gani, na linahesabu kwa tarehe ya hati ya kupakia melini au ya kufika bandarini. Hizo ni wiki tatu nne za tofauti. Mkulima anapanda Desemba na Januari, anavuna Julai na kuendelea. Kama muda wa tangazo unaishia Machi, anapanda akiwa kipofu. Msumbiji walikuwa na barua ya serikali kwa serikali, sisi tulikuwa na matumaini. Mbaazi ni zao jipya kwenye orodha, ila mnunuzi ni mmoja, tena hukumu yake huandikwa usiku. Je, hapo umepanua wigo au umebadilisha bwana?

#11 Fundi_Bomba

Mkuu #10 hiyo ya kubadilisha bwana nimeinukuu.

#12 Kipande_cha_Fedha

Hakuna aliyegusa shilingi, na ndiyo kamba inayounganisha dhahabu na hayo mazao yote.

Oktoba 2024 dola moja ilikuwa karibu 2,700. Desemba ilikuwa karibu 2,400. Robo ya mwisho ya mwaka dola za utalii, korosho na dhahabu hukutana, na soko letu la fedha ni jembamba, ndoo moja inajaza beseni. Mwagizaji wa mafuta alifurahi. Sasa mchukue mfungashaji wa parachichi anayeuza kwa mfano dola 1.60 kwa kilo. Kwa 2,700 anapata shilingi 4,320, kwa 2,400 anapata 3,840. Ni shilingi 480 kwa kilo. Zidisha kwa kilo 21,120 za kontena: zaidi ya milioni 10 zimeyeyuka, wakati mkulima alishalipwa, vibarua walishalipwa, na katoni zilishanunuliwa.

Wachumi wanauita ugonjwa wa Kiholanzi: bidhaa moja yenye dola nyingi inaipa sarafu nguvu, nguvu hiyo inawabana wauzaji wengine ambao gharama zao ni za ndani. Dhahabu haiumii sana kwa sababu hata gharama zake nyingi ni dola. Anayeumia ni yule mpya tunayesema tunamlea.

Dawa za mtu mmoja mmoja: linganisha madeni na mapato kwa sarafu ileile, funga bei ya dola ya mbele na benki kwa sehemu ya mzigo, nusu hivi, si wote. Na usikubali mali kauli bila bei ya chini iliyoandikwa. Parachichi nyingi zinakwenda Ulaya kwa mtindo wa tutauza kisha tutakulipa, na taarifa ya mauzo ikija ina makato ya ghala, kuivisha, uharibifu na kamisheni. Bila bei ya chini unaweza kudaiwa nauli ya tunda lako mwenyewe.

#13 Mto_Ruhuhu

Kwa ngazi ya nchi mfano wa kutazama ni Chile, si kwa sababu wameacha shaba. Hawajaacha, bado ni karibu nusu ya mauzo yao. Ila mwaka 1985 waliweka mfuko wa kutuliza mapato ya shaba: bei ikipanda, sehemu inawekwa akiba kwa dola, haiingii kuipandisha peso, sarafu yao. Wauza zabibu na samaki wakapumua.

Na samaki wenyewe, salmoni, walipewa msukumo na Fundación Chile, taasisi iliyofanya kazi ya kuonyesha kwa mifano: ilifuga yenyewe kibiashara, ikaonyesha hesabu, kisha ikauza kampuni kwa sekta binafsi. Wengine wakaiga. Tahadhari yake pia ni ya Chile: 2007 virusi vya ISA, vinavyoua salmoni, viliwavamia kwa sababu vizimba vilisongamana na usafi ulilegea wakati fedha zinaingia. Uzalishaji ukaanguka vibaya. Wakiongezeka wapanda Hass Njombe bila mtu wa kukagua miche inatoka kitalu gani, kuoza kwa mizizi kutasambaa na udongo wa vifuko vya miche. Ukuaji wa haraka kwenye zao moja una mlango uleule.

#14 Chenjua_Kanda_ya_Ziwa

Kwetu kilicho karibu na mfuko huo ni Benki Kuu kununua dhahabu. Tangu Oktoba 2024 wauzaji wanatakiwa kutenga asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa ndani. Lakini tuelewane: mfuko wa Chile unaweka dola akiba, nje ya mzunguko. Benki Kuu ikinunua dhahabu kwa shilingi inajenga akiba, na papo hapo shilingi mpya zinaingia mtaani. Ikitaka zisisukume bei za vitu lazima izinyonye kwa kuuza hati za dhamana. Si kitu kimoja, msivichanganye.

#15 Mtunza_Leja

Nimepitia hesabu ya #4. Mambo mawili.

Kwanza, mkuu umechukulia deni linashuka sawasawa kutoka siku ya kwanza. Kiwanda kikinunua Oktoba hadi Desemba na kubangua siku zilezile, hakifiki kilele cha milioni 6.5, kwa sababu mwisho wa minada kimeshakata kama moja ya tano. Riba inashuka, labda senti 27 badala ya 34. Bado inakula karibu yote.

Pili, na hili ni kubwa zaidi: umeweka vizima asilimia 70. Kiwanda kikipandisha hadi 80, bila kubadili kingine, wastani unakuwa 6.24. Ni senti 28 zaidi, karibu sawa na riba nzima. Kwa hiyo kabla ya kulilia mkopo nafuu, mwenye kiwanda atazame vile vizima 10 katika mia vinavunjikia wapi.

#16 Kusini_Kwetu

Sahihi mkuu, nimekubali yote mawili. Kuhusu vinavunjikia wapi: weka mtu ahesabu punje 100 baada ya kila hatua, kwa siku tatu. Baada ya kukata, baada ya tanuri, baada ya kumenya. Mara nyingi watu wanamlaumu mkataji, kumbe ghafi haikupangwa ukubwa na mvuke ulikuwa mmoja kwa wote. Kama vipande vingi vinatokea kwenye kumenya, angalia tanuri: trei za juu zinakauka kabla ya za chini. Zibadilishane nafasi kila baada ya saa mbili.

#17 Mtunza_Leja

Na trei isijazwe zaidi ya tabaka mbili za viini. Chini kunabaki unyevu, ngozi haiachii, mmenyaji anatumia kisu, na kisu ndicho kinachotoa vipande.